Mfuniko wa pikapu si keria: maneno kwa wadogo zangu wa karakana

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena mfuniko wa faiba umetobolewa matundu manne katikati. Juu yake kuna keria ya paipu za mraba, imebanwa kwa bolti na washa ndogo za kawaida, na kijana aliyeifunga ananionyesha kwa furaha: "Kaka, hapa hata ng'ombe anapanda." Kijana huyo nampenda. Mkono wake wa kuchomelea umenyooka kuliko wa wengi waliomtangulia. Ila matundu yale nimeyakuta kwenye karakana nyingi za Arusha, Unga Limited mpaka Njiro, na kila tukimfundisha mmoja akaelewa, anakuja mwingine na drili yake.

Sitaeleza mfuniko wa kipande kimoja ni upi, wa kukunja ni upi, wa kujiviringisha ni upi. Hayo mnayajua. Nakwenda moja kwa moja kwenye yanayowagharimu.

1. Mzigo uishie kwenye kuta za bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo.

Kabla hujawasha drili, weka kidole juu ya keria unayotaka kuijenga, halafu ufuate uzito unavyoshuka: kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chuma cha kukatiza, kwenda kwenye mguu, kwenda kwenye mdomo wa ukuta wa bodi, mpaka chasisi. Kidole kikipita kwenye ngozi ya mfuniko njiani, simama, chora upya. Mfuniko kazi yake ni kuzuia mvua, vumbi na mikono ya watu. Keria ina kazi yake nyingine, na hata zikikaa sehemu moja, hazipaswi kuegemeana.

Najua mtaniambia karatasi ya mtengenezaji imeandika kilo. Ndiyo, mifuniko mingi ya alumini ya kukunja hutajwa kubeba kilo 180 hivi. Someni mstari wote: uzito uwe umetandazwa sawasawa. Kwenye nchi za baridi theluji hulala juu ya mfuniko namna hiyo, imetanda kote, na gari limeegeshwa. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80 na ushee, unaona ni chini ya nusu ya namba ile, lakini yamekaa kwenye sehemu nne ndogo na yanaruka. Hakuna karatasi iliyokuahidi hilo.

Njia sahihi haina maajabu. Reli mbili kando ya bodi, zimebanwa kwa klampu chini ya mdomo wa ukuta. Miguu juu ya reli. Vyuma viwili au vitatu vya kukatiza, na nafasi ya kutosha chini yake ili mfuniko wa kukunja au wa kujiviringisha uende na kurudi bila kugusa. Mifuniko mingine inakuja na reli zenye mfereji wa umbo la T tayari, hapo kazi yako ni kutelezesha bolti na kukaza.

Mfuniko wa kipande kimoja ndio wenye ubishi, kwa sababu unainuka wote kwa bawaba za mbele. Ukijenga keria juu yake kwa miguu ya ukutani, haufunguki tena. Mwambie mteja ukweli huo kabla hajalipa: achague ama kubadilisha mfuniko, ama kubeba juu yake vitu vyepesi tu, magodoro ya sponji, koleo, nguzo za turubai. Vizito vikae ndani.

2. Kupanda juu ya mfuniko uwanjani hakukipimi chochote.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili nililifanya mwenyewe, na nililifanya nikiwa fundi kamili, nina watu chini yangu.

Walikuja watafiti wa ndege waliokuwa wanakwenda Ziwa Natron kwa ajili ya heroe. Hilux dabo kebini, mfuniko wa faiba wa kipande kimoja, na bodi ilikuwa imejaa masanduku ya vifaa. Walitaka tairi la pili la spea na madumu mawili ya maji vikae juu. Walitaka keria fupi isiyozidi urefu wa kebini, na walitaka kuondoka kesho yake alfajiri. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa kwamba kwa mfuniko ule haiwezekani, na kwamba kuhamisha masanduku na kutengeneza nafasi ya tairi ndani kungechukua siku mbili zaidi. Sikulisema. Niliogopa wangekwenda karakana nyingine, na nilikuwa nimeshawaahidi vijana wangu mshahara kutokana na kazi ile.

Nikatoboa. Bolti nne, washa pana kidogo kuliko za kawaida, silikoni juu na chini, rangi nyeusi. Ilipendeza. Ili kujiridhisha nikawaita vijana watatu wakapanda juu kwa pamoja, wakarukaruka, mfuniko haukulia. Nikamwambia kiongozi wa msafara, kwa mdomo wangu, "Hii haitoki."

Sasa sikilizeni hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Selela na Engaruka mpaka Ngaresero, kule Ziwa Natron, wakati ule ilikuwa na sehemu ndefu za mawimbi yale madogo ya changarawe. Chukulia kutoka wimbi hadi wimbi ni sentimita 70. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linagonga mawimbi zaidi ya 1,400 kwa dakika moja. Kila pigo linaliinua tairi la spea na kulibwaga, na kwenye pigo baya kilo 30 zinakuwa kama 90. Vijana watatu waliopanda uwanjani walikuwa wazito kuliko mzigo wote, ni kweli. Lakini walipanda mara moja. Mara nyingi faiba haivunjiki kwa uzito wa mara moja. Inachoka. Ufa unaanza pembeni ya tundu, mdogo hata huuoni chini ya silikoni, unatembea kidogo kila pigo, unakutana na ufa wa tundu la pili. Washa inazama. Halafu kipande kizima kinang'oka na bolti zake, nati zikiwa bado zimekazwa vizuri kabisa.

Kilitoka mbele ya Engaruka. Keria ilining'inia kwenye mkanda mmoja, ikavunja kioo cha taa ya nyuma, na tairi likadondoka barabarani. Nyuma yao, ndani ya vumbi, alikuwa anakuja kijana wa bodaboda. Alilikwepa tairi, akaanguka, akavunjika mkono.

Dereva alinipigia simu jioni. Niliendesha usiku mpaka Mto wa Mbu alikokuwa amepelekwa. Mke wake alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Ni nani aliyelifunga hilo tairi?" Nikamjibu kwamba ni mimi. Hakunitukana. Alitikisa kichwa, akasogea ili nipate pa kukaa. Gharama za matibabu nilizibeba, na miezi yote ambayo yule bwana hakuweza kushika pikipiki tulisaidiana, na leo mkono wake unafanya kazi. Lakini nawaambia, tangu siku ile hakuna mteja ambaye haraka yake imenizidi nguvu. Kama kazi inataka siku mbili, nasema siku mbili, nikiwa namtazama usoni. Akiondoka, aende salama.

Kwa hiyo ninapokuona umesimama juu ya mfuniko unarukaruka mbele ya mteja, ninakukaripia. Usidhani nakuonea.

3. Usiifunge keria kwenye kebini na bodi kwa pamoja.

Makosa haya yanafanywa na wale walioelewa namba 1 wakazidisha. Wanaona mdomo wa bodi hautoshi, wanapeleka miguu ya mbele kwenye paa la kebini. Pikapu hizi zimejengwa juu ya chasisi ya ngazi, yaani fremu ya chini yenye umbo la ngazi, na kebini na bodi ni kama ndugu wawili waliolala kitanda kimoja: kila mmoja anajigeuza kwa wakati wake. Chungulia ule mwanya katikati yao gurudumu moja likiwa limepanda jiwe, utaona unavyopanuka upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Ukivifunga kwa chuma kimoja kigumu, kitu kitapasuka, ama weldi yako, ama bati la paa la mteja. Keria ya bodi iwe ya bodi, ya kebini iwe ya kebini. Ngazi au ubao mrefu ukilazimika kulalia zote mbili, kaza upande mmoja na upande wa pili uache uteleze juu ya raba.

4. Shokapu za gesi, zile zinazouinua na kuushikilia mfuniko.

Ukiongeza kitu chochote kwenye mfuniko unaoinuka, pima uzito mpya na ubadilishe shokapu. Nguvu yake imeandikwa ubavuni kwa nyutoni. Nani kati yenu huisoma? Mnafunga, mnajaribu saa saba mchana, inainuka, mnafurahi. Gari linalala ukingoni mwa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, na alfajiri kuna baridi ya kuumiza vidole. Gesi ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 5 inapoteza karibu asilimia 8 ya nguvu yake, na mfuniko uliokuwa unajishikilia kwa shida mchana unamshukia mpishi kichwani akiwa ameinama kutafuta birika. Acha ziada ya nguvu, au weka fimbo ya kushikilia. Mimi naweka vyote viwili.

5. Vumbi linaingia kwa nyuma.

Gari likikimbia linaacha hewa nyepesi nyuma yake, vumbi linavutwa kurudi, linapenya pembeni mwa mlango wa bodi na chini yake kwenye bawaba. Mnapoteza nusu siku kuziba mfuniko kwa silikoni juu, wakati tundu kubwa liko chini, mnalipita kila siku. Raba ianze hapo. Na mipira ile ya kutolea maji kwenye kona za mfuniko wa kujiviringisha, ipulizeni kwa kompresa kila gari linapoingia, maana ikijaa vumbi, mvua ya kwanza ya masika inaingia yote ndani ya bodi.

6. Mengine, kwa haraka.

Kama ni lazima kutoboa faiba, kwa kitu chepesi: bandika selotepu, tumia biti kali kwa mwendo wa polepole, weka bamba la alumini lenye upana wa kiganja upande wa chini, na bushi ndani ya tundu ili bolti isiiminye faiba.

Gari la Tanga, Pangani au Bagamoyo halifungwi kama la Karatu. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, hata kama bolti zako ni za stenlesi. Washa za nailoni na grisi.

Vizito vikae karibu na kebini. Dabo kebini ina sehemu kubwa ya bodi nyuma ya ekseli, na kila kilo unayoisukuma huko inaipunguzia usukani mshiko.

Hema la juu lisizidi kimo cha paa la kebini kama mteja anaenda safari ndefu za lami, kwa sababu mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 100, nguvu ya upepo inakuwa mara nne.

Mikanda ya racheti ifungwe kwenye vyuma vya keria, na keria yenyewe isifungwe kwa mikanda. Kamba ya katani iacheni kwa mbuzi.

Kaza tena bolti zote baada ya kilomita 50 za kwanza za vumbi. Mpe dereva spana ya saizi hiyo mkononi, umwonyeshe kila bolti ilipo, na umwandikie kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani wa mlango wa bodi, kilo ambazo keria inaruhusiwa kubeba. Akikuambia atakumbuka, andika hivyo hivyo.