Kurekodi Kikatla: toni kwanza

Ndugu, umesema umerekodi maneno ya Kikatla, lugha ya Milima ya Nuba, Sudan, kwa mzungumzaji mmoja, na toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno) zinakuchanganya. Tatizo ni kutajiwa neno moja moja: mtu akiorodhesha, sauti hushuka mwishoni na kuficha toni. Mpe sentensi moja isiyobadilika, uweke kila neno katikati, alirudie mara tatu. Hifadhi faili za WAV, si MP3.

Kila nomino, rekodi umoja na wingi wake papo hapo. Angalia viambishi awali, ila usilazimishe ngeli zetu. Ukiuliza kwa Kiarabu, chunga maneno ya mkopo.

Suala la Julud, usemi ulio karibu sana na Kikatla, kuwa lahaja yake au lugha kamili, usiliamue kwa mtu mmoja. Toni zihakikiwe na mwanaisimu aliyezizoea. Sikio la Kiswahili huzipitia tu.