Sanduku la Barua Lenye Sensa: Tengeneza Kwanza Sanduku

Sanduku la barua linalotuma arifa kwenye simu huwa haliharibiki kwa kosa la programu. Huharibiwa na maji, na bati linalofunga mawimbi ya redio, na betri inayokwisha kimyakimya. Kwa hiyo kabla hujanunua sensa hata moja, hakikisha una sanduku ambalo lingefaa hata bila umeme.

Anza na mwanya. Bahasha ya C4, ile inayobeba karatasi ya A4 bila kukunjwa, ina milimita 229 kwa 324. Mwanya wa upana wa milimita 340 na kimo cha milimita 35 unaipokea vizuri, mradi kina cha ndani kisipungue milimita 260. Ukiuongeza kimo zaidi ya hapo unaukaribisha mkono wa mwizi. Ndani, nyuma ya mwanya, funga kipande cha bati kilichoinamia chini ili barua iteleze kuingia lakini waya wenye ndoano ukwame unapovutwa. Kijaribu kwa bahasha ngumu; ikikwama, punguza urefu wa kipande hicho badala ya kupanua mwanya.

Bati la chuma lililopakwa zinki, unene wa milimita 1.5, linatosha mahali pengi. Karibu na bahari tumia chuma cha pua cha daraja la 316, kwa sababu daraja la 304 hupata madoa ya kutu kwa chumvi. Paa liwe na mteremko, litokeze sentimita 3 mbele ya mwanya, na ukingo wake ukunjwe kuelekea chini ili tone lidondoke badala ya kurudi ndani likifuata bati. Sakafuni toboa matundu manne ya milimita 5. Wengi hufanya kinyume: hupaka silikoni kila kiungo wakidhani wamezuia maji. Hewa yenye unyevu huingia tu kila mwanya unapofunguliwa, na usiku bati likipoa unyevu huo hugeuka matone yasiyo na pa kutokea. Kinachotakiwa kufungwa barabara ni kiboksi cha plastiki cha kielektroniki, cha kiwango cha IP65 (kisichoingiza vumbi wala maji yanayorushwa), wala si sanduku zima. Waya ziingie kwenye kiboksi hicho kutoka chini, zikiwa zimening'inia kidogo kabla ya kupanda, ili maji yanayofuata waya yaishie pale kwenye pindo.

Sasa mawimbi. Sanduku la chuma lililofungwa ni kizimba kwa Wi-Fi. Urefu wa wimbi la 2.4 GHz ni kama sentimita 12.5, hivyo kutoboa tundu dogo hakusaidii kitu. Ama toa antena nje, ama kata dirisha la sentimita 15 kwa 8, liwekee plastiki ngumu, kisha bodi, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu na kutuma arifa, ikae nyuma yake. Ukichagua antena ya nje, kagua bodi yako kwanza: baadhi ya zile za ESP32 (chipu ndogo yenye Wi-Fi) zilizo na soketi ya antena zinahitaji kirezista kidogo mno kihamishwe kwa solda ndipo soketi ifanye kazi. Ukikisahau, antena unayoiona juu ya paa ni pambo tu. Pima nguvu ya mawimbi mlango ukiwa umefungwa, palepale sanduku litakapokaa. Kiwango cha −70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo bora) au bora zaidi ni kizuri. Ikishuka chini ya −80, bodi itajaribu kuunganika tena na tena, na kila jaribio linakula betri.

Kwa sensa, swichi mbili za sumaku zinatosha: moja kwenye kifuniko cha mwanya, nyingine kwenye mlango wa kutolea barua. Kifuniko kikifunguka, programu inaandika kwamba kuna barua. Mlango ukifunguka, inafuta. Sumaku iliyobandikwa moja kwa moja juu ya chuma hupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa hiyo weka plastiki ya milimita 5 chini ya sumaku na chini ya swichi, na umbali kati yao usizidi milimita 10 kifuniko kikiwa kimefungwa. Upepo ndio mleta arifa za uongo. Weka springi nyepesi kwenye bawaba, kisha programu isubiri milisekunde 200 baada ya bodi, inayolala ili kuokoa betri, kuamshwa na kifuniko: kifuniko kikiwa kimeshajifunga, bodi irudi kulala bila kuwasha Wi-Fi. Sensa za joto la mwili ziache, maana bati likipigwa na jua huzidanganya. Mizani nayo husogeza vipimo vyake joto linapobadilika, wakati barua moja ina gramu 20 tu.

Hapa kwenye betri ndipo watu wengi hukwama, na kosa liko kwenye rezista moja, kizuizi cha umeme kinachounganisha swichi na chanya ya betri. Kifuniko hukaa kimefungwa karibu siku nzima, na swichi ya kawaida ikiwa karibu na sumaku huwa imeunganika. Rezista ya kΩ 10 kwa volti 3.3 hupitisha mA 0.33 wakati wote huo, yaani karibu mAh 8 (kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) kwa siku. Tumia ya MΩ 1, pamoja na kapasita (kijipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya nF 100 kutuliza kelele za umeme, na uzime rezista ya ndani ya bodi. Kisha piga hesabu: arifa moja ya sekunde 5 kwa mA 120 ni mAh 0.17, mara kumi kwa siku ni 1.7, kulala kwa µA 20 kunaongeza 0.5. Betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu, ya mAh 1500 itavuka mwaka bila taabu. Lakini bodi za majaribio zenye taa na chipu ya USB huweza kula mA 10 hata zikiwa zimelala, na hapo betri hiyohiyo inaisha kwa siku sita. Pima kwa mita kabla ya kufunga chochote, na weka kapasita ya µF 470 karibu na bodi, vinginevyo volti hushuka Wi-Fi inapowaka na bodi inajizima na kuanza upya.

Kufuli la umeme nalipendekeza kwa sanduku la vifurushi tu. Liwe la aina inayobaki imefungwa umeme ukikatika, lipewe umeme kwa sekunde moja (koili, waya uliozungushwa ndani ya kufuli, ikipewa umeme muda mrefu huungua), na dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ifungwe sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya. Tundu la ufunguo wa kawaida lisiondolewe kamwe.

Panga pia ujumbe mmoja wa kila siku unaotaja volti za betri. Bila huo, ukimya wa sanduku lililokufa unafanana kabisa na ukimya wa siku isiyo na barua.

Kabla ya kulifunga nguzoni, tandika karatasi ya choo sakafuni na ukutani ndani ya sanduku, limwagie maji kwa mpira dakika kumi kutoka juu na ubavuni, kisha fungua. Karatasi itaonyesha ni kiungo gani kinavuja.