Maswali yenu kuhusu John Beard, sauti ya tatu ya Handel

Huyu Beard ni nani hasa?
Muimbaji wa Uingereza, karne ya 18, wa sauti ya tatu, yaani tenor, sauti ya kiume ya juu. Utotoni aliimba kwaya ya kanisa la mfalme London, mwalimu wake Bernard Gates, akatoka 1734 na Novemba hiyohiyo yuko Covent Garden, ukumbi wa maonyesho wa London, anaimba opera (igizo la kuimbwa) ya mtunzi Handel, Il pastor fido, bado kijana mdogo kabisa.

Kwa hiyo alikuwa staa moja kwa moja?
Wapi! Enzi hizo mastaa wa opera walikuwa Waitaliano waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike, hao ndo wanapewa nafasi ya shujaa na hela ndefu, sauti ya tatu anaambulia vya pembeni. Angalia 1735, kwenye Ariodante yeye ni mdogo wake shujaa, kwenye Alcina ni jemadari tu. Mambo yaligeuka Handel alipoachana na opera za Kiitaliano akashika oratorio za Kiingereza, yaani hadithi za Biblia zinaimbwa bila maigizo, na 1743 ikaja Samson ambapo shujaa mwenyewe ni sauti ya tatu, ni Beard. Kuna pale Samsoni ameshatobolewa macho analia kwamba kwake hakuna jua wala mwezi, mchana wote ni giza, muziki unakaribia kusimama na sauti inabaki karibu peke yake, hapo huna pa kujificha. Na Handel naye miaka michache baadaye akapofuka.

Eti alioa mtoto wa lodi?
Kweli, 1739, Lady Henrietta, mjane, baba yake Earl Waldegrave. Wakubwa walichukia vibaya mno, muimbaji wa jukwaani aoe huko? Henrietta akafariki 1753, halafu 1759 Beard akaoa binti wa John Rich, bosi wa Covent Garden. Jamaa alijua kuchagua wakwe, mi nasema tu.

Aliishia wapi?
Rich alipokufa 1761 Beard akaendesha ukumbi yeye. 1763 watazamaji walivunjavunja vitu humo ndani kisa wanaochelewa wamenyimwa kuingia kwa nusu bei. 1767 masikio yalishachoka, akastaafu, akahamia Hampton, akafa 1791.

Rekodi zake tunazipata wapi?
Hakuna ndugu yangu, mashine ya kurekodi sauti ilikuja 1877. Tafuta Samson iliyorekodiwa siku hizi, umsikilize shujaa, zile noti Handel alimwandikia yeye.