Wetsuti au draisuti kwa weikibodi ya baridi: anza na muda ambao hutelezi

Wageni wa weikibodi, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa kwa kamba, wanaotaka kuendelea nao baridi inapoingia huuliza swali moja: maji yakiwa nyuzi ngapi, nivae nini? Ni swali la haki na nitalijibu huko mbele, lakini silo la kwanza. La kwanza ni hili: siku ikiisha, utakuwa umekaa muda gani ukiwa umelowa bila kuteleza? Anayevutwa na boti hupata zamu ya dakika 15 hivi, kisha anarudi kitini kusubiri wenzake. Mkiwa watu 5, hiyo ni saa nzima ya kukaa. Kabla ya hapo ameketi majini akingoja kamba inyooke, na kila alipoanguka ameelea mpaka boti izunguke imrudie. Mwili unaoteleza hujipasha moto wenyewe, unaokaa haujipashi. Nguo tunayoitafuta, basi, ni ya kukalia kuliko ya kutelezea.

Ndiyo maana mgeni husikia baridi kuliko mzoefu, jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawamwambii. Mzoefu huinuka kwa mvuto wa kwanza na kumaliza zamu akirushiwa matone tu. Mgeni huketi majini amekunja magoti, anavutwa, anaanguka, anaanza upya. Dakika hizo ndizo zinazommaliza, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa yenye nyuzi zilezile. Akishatoka majini, upepo nao unampokea. Boti za weikibodi huvuta kwa kilomita 30 hadi 38 kwa saa. Hewa ya nyuzi 5 ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huisikia kama nyuzi 0, na hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Aliyelowa hupoa zaidi, maana maji yanayokauka juu yake huondoka na joto lake.

Tuanze na wetsuti, yaani suti ya mpira wa neoprini inayobana mwili na kuruhusu maji kidogo kuingia. Wengi huamini kwamba inakinga baridi kwa kushika tabaka la maji ambalo mwili hulipasha joto. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyeibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba kinga inatoka kwenye viputo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe. Maji kidogo yakiingia hayana neno, ila siyo yanayokukinga. Nalirudia hili kwa kila mgeni kwa sababu anayeamini habari ya tabaka la maji hununua suti pana kidogo, akidhani anayapa maji nafasi. Suti pana hupiga pampu: kila ukikunja mwili maji ya uvuguvugu hutoka na ya baridi huingia, na ukianguka kwa kasi, maji hupenya shingoni na kushuka mgongo mzima. Unapoijaribu, chunguza mahali patatu: kwapani, shingoni, na pale mgongo unapopinda juu ya makalio. Pakiwa na mfuko wa hewa popote hapo, hiyo si saizi yako, hata kama ni nzuri na bei imepunguzwa.

Namba kama 4/3 au 5/4 ni unene kwa milimita: ya kwanza ni kiwiliwili, ya pili ni mikono na miguu. Angalia pia mishono, na hapa usiwe na haraka. Mshono bapa ambao sindano imetoboa mpira upande hadi upande ni wa majira ya joto, unapitisha maji. Kwa baridi tafuta mshono uliogundishwa kwanza, kisha ukashonwa bila sindano kutokea upande wa pili, na ikiwezekana umefunikwa utepe kwa ndani. Suti ya milimita 4 yenye mishono ya aina hiyo ni bora kuliko ya milimita 5 inayovuja. Zipu ya kifuani huingiza maji kidogo kuliko ya mgongoni, ingawa kuivaa na kuivua ni kazi.

Udhaifu mkubwa wa wetsuti hauonekani majini. Unaonekana kitini. Nailoni ya nje imeshika maji, boti inakimbia kumvuta mwenzako, na upepo unayakausha ukiwa umeivaa. Dawa yake ni koti refu lisilopitisha upepo, utakalolitupia juu ya suti mara tu unapopanda. Usilivue jaketi okozi pia, kwani sponji yake inakinga kifua. Zamu ya pili ikifika, wewe bado umelowa, na kama uliivua suti katikati, kuirudia ikiwa baridi na imelowa ni mateso ambayo yamewafanya wengi waache zamu yao.

Draisuti ni kitu kingine kabisa. Ni suti isiyoingiza maji, yenye kingo za mpira wa lateksi au neoprini zinazobana shingo na vifundo vya mikono, na zipu maalumu isiyopitisha maji. Ile ya kitambaa haina joto lake yenyewe. Ukiivaa juu ya fulana tu, utakuwa mkavu na utatetemeka vilevile. Joto ni la nguo za ndani: nyembamba ya sufu au poliesta inayogusa ngozi, na juu yake flisi, kitambaa kizito chenye manyoya laini. Pamba iache nyumbani, hunywa jasho ikakaa nalo. Uzuri ni kwamba unapunguza au unaongeza nguo za ndani kulingana na siku, hivyo suti hiyohiyo inakufaa kwenye maji ya nyuzi 4 na ya nyuzi 14. Uzuri mwingine, ambao kwangu ndio mkubwa zaidi, ni ile saa ya kukaa: unapangusa maji kwa nje, unavaa koti, na ndani umebaki mkavu.

Ina masharti yake. Kabla ya kuingia majini, chuchumaa, kumbatia magoti, kisha uvute ukingo wa shingo kwa kidole ili hewa itoke. Hewa inayobaki hukimbilia palipo juu, na ukiketi majini ubao ukiwa mbele yako, palipo juu ni miguuni. Miguu itaelea, utashindwa kuukalisha ubao vizuri, nawe utadhani hujui kuinuka. Mwombe mwenzako akague zipu hadi jino la mwisho, kwa sababu ikiachwa wazi kidogo tu suti inaanza kujaa. Siku ya kwanza usivutwe. Simama kwenye maji ya kiunoni, kaa, elea, ujue inavyokubeba.

Unapoanguka kwa nguvu, matone machache yanaweza kupenya shingoni hata kingo zikiwa nzima. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kusikia maji yanatiririka mguuni. Hapo ishara ni moja, maliza zamu. Suti iliyochanika hulowesha nguo za ndani na kinga yako inaondoka. Maji yaliyoingia hayakuvuti chini ukiwa majini, ila yanakuwa mzigo mzito unapojaribu kupanda boti ukiwa umeshachoka. Jaketi okozi ni lazima juu ya suti zote mbili, nalo lipimwe ukiwa umevaa suti, maana linalokutosha wakati wa joto huenda lisifunge juu ya flisi. Tena fulana nyembamba za kukinga kishindo cha maji, si zote zinazomfanya mtu aelee. Soma lebo kabla ya kuitegemea.

Viatu vya ubao vitakusumbua. Draisuti nyingi za kutelezea huishia kwenye vifundo vya miguu, nyayo zikabaki nje, na hapo soksi nyembamba za neoprini zinatosha. Zenye soksi zilizounganishwa ni za joto zaidi, lakini zinahitaji kiatu kikubwa. Ukilazimisha mguu kuingia, utatoboa soksi ndani ya kiatu bila kujua.

Kwa anayeteleza kwenye kebo, yaani anayevutwa na kamba ya mtambo iliyotundikwa juu ya maji badala ya boti, hesabu inageuka. Pale ukianguka unaogelea ukingoni na kurudi kwa miguu umebeba ubao, na baridi ya kukaa ni kidogo kuliko jasho la kutembea. Draisuti itakuchemsha. Halafu kuna ngazi na mabomba ya kuparazia ubao, na mpira mzito wa neoprini huvumilia mikwaruzo kuliko kitambaa chepesi cha draisuti. Wa kebo nawaambia wetsuti nene bila kusita, mpaka maji yawe ya baridi kali.

Sasa zile nyuzi. Maji ya 18 na zaidi, wetsuti ya 3/2 inatosha. Kati ya 14 na 18, 4/3. Kati ya 10 na 14, 5/4 na soksi za neoprini, na hapa ndipo aliye kwenye boti yenye watu wengi aanze kufikiria draisuti. Chini ya 10, aliye nyuma ya boti avae draisuti. Wapo wanaomudu kwa milimita 6 na kofia ya neoprini, lakini hao huinuka mara ya kwanza na hushuka nchi kavu mara wamalizapo. Mgeni asijipime nao. Hewa ikiwa baridi kuliko maji, panda daraja moja.

Mikono ndiyo inayoamua mwisho wa siku, si kifua. Vidole vikipoa nguvu ya kushika inaondoka kabla hujaanza kutetemeka, na aliyepoteza mshiko huanguka ovyo. Glavu ziwe za milimita 2 hivi zenye kiganja chembamba. Nene kupita hapo zinaufanya mshikio uwe mnene mkononi, na misuli ya mkono huchoka upesi. Kipimo ninachowapa wote: gusa kidole kidogo kwa dole gumba la mkono uleule. Ukishindwa, zamu yako imekwisha, hata kama unajisikia vizuri.

Suti yoyote haiondoi mshtuko wa maji ya baridi yanapokugusa usoni na shingoni. Pumzi hukatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kama uso uko majini utavuta maji. Hali hiyo hutulia ndani ya dakika 1 hadi 3. Basi usiruke kutoka kwenye boti. Shuka polepole, lowesha uso, ngoja pumzi irudi, ndipo uombe kamba. Dereva akikuharakisha, mwambie asubiri.

Kitini, jihadhari na jambo linaloua watu wasiojua. Nyuma ya boti pana uvuguvugu wa moshi wa injini, na aliyepoa huvutwa pale. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na dalili zake za kichwa kuuma na kulegea ni rahisi kudhaniwa ni uchovu wa baridi. Asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwa inanguruma. Anayetetemeka sana mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mkinge upepo, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana, na usimsugue mikono na miguu. Akianza kuongea kwa kukokota maneno, au akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, safari imeishia hapo, muwahisheni kwa daktari.

Kama una fedha ya suti moja tu, na bado hujui utaupenda mchezo huu kiasi gani, nunua wetsuti ya 5/4 yenye mishono mizuri pamoja na koti la upepo, uteleze hadi maji yafike nyuzi 12 hivi. Draisuti ifuate mwaka utakaojikuta unasikitika msimu ulipokatika. Ya mtumba si mbaya, mradi uikague. Nyoosha kingo za lateksi taratibu: zikinata au zikionyesha nyufa, zimekwisha, ila kuzibadilisha kunawezekana. Zipu ichunguze jino kwa jino, maana kuibadilisha ni ghali kiasi cha kufuta faida ya mtumba. Kisha funga kingo zote, ijaze hewa, pakaa maji ya sabuni kwenye mishono na utazame povu linapotokea. Ukishaipata, suuza kwa maji baridi, kausha kivulini, pakaa nta kwenye zipu ya chuma na poda isiyo na manukato kwenye lateksi. Mafuta ya kujikinga na jua yasiiguse lateksi, huilainisha mpaka ikakatika, na kwa kawaida hukatika pale unapoivuta kichwani siku ya kwanza ya baridi.