Uliza Ujibiwe: Mgambo wa Uingereza na mipini ya fagio

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Nimesikia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliunda mgambo wa raia, wakawafundisha vita kwa mipini ya fagio. Ni kweli? Na fagio lingemzuia Mjerumani gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli, ila fagio lilikuwa la majuma ya mwanzo tu. Inaniuma kwamba ndilo pekee linalokumbukwa, maana nilimhudumia mzee aliyekuwamo.

Nilifanya kazi katika makao ya wazee huko Coventry. Mzee wangu huyo alikuwa na miaka 17, anajifunza ufundi kiwandani, pale waziri wa vita, Anthony Eden, alipozungumza redioni tarehe 14 Mei 1940. Aliwaomba wanaume wa miaka 17 hadi 65 wajitolee kulinda maeneo yao, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakishusha askari wa miavuli kule Uholanzi. Kijana akaenda kituo cha polisi, akajiandikisha. Julai mwaka huohuo kikosi kikaitwa Home Guard, yaani Walinzi wa Nyumbani.

Silaha hazikuwapo. Jeshi lenyewe lilikuwa limeacha mizinga na magari yake Dunkirk, pwani ya Ufaransa, lilipokimbia Wajerumani, na kila bunduki iliyobaki ilikwenda kwa askari wa kudumu. Mgambo wakapewa kitambaa cha kufunga mkononi. Wengine walileta bunduki zao za kuwindia, wengine mpini. Mpini unafundisha kwata, kutambaa, kulala na kuinuka pamoja. Hayo si madogo kwa mtu aliyeshinda kiwandani tangu alfajiri.

Kisha zikaja bunduki kutoka Marekani, ndani ya makasha, zimepakwa grisi nzito. Mzee alisema walizisafisha kwa maji ya moto na matambara hadi usiku wa manane. Zilichorwa mstari mwekundu kuzunguka mbao zake, na mstari ule haukuwa urembo: zilitumia risasi ya Kimarekani, wakati jeshi la Uingereza lilitumia risasi ya aina nyingine. Ukichanganya, bunduki inakwama mkononi mwako adui akiwa mbele. Basi somo la kwanza la bunduki lilikuwa kutazama rangi.

Risasi zilikuwa chache mno, kwa hiyo shabaha ilifundishwa bila kupiga. Sajini, mkongwe wa vita ya 1914, aliweka jichoni kisahani chenye tundu katikati. Wewe, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, unalilenga tundu lile na kuvuta triga. Yeye anayekutazama kupitia tunduni anaona mtutu ukitikisika. Nyumbani mzee aliweka sarafu juu ya mtutu, akavuta triga taratibu, ikianguka, anarudia. Alinionyesha kwa fimbo yake ya kutembelea na sarafu ya peni. Mikono ilitetemeka kwa uzee, lakini pumzi aliishika vilevile kama alivyofundishwa.

Guruneti ndilo lililowatia hofu. Guruneti la Mills hulipuka sekunde 4 baada ya wenzo wake kuachiwa. Siku moja mezani mzee alichukua kiazi, akakibana kiganjani, akachomoa pini ya kuwazia kwa mkono wa pili, akanyoosha mkono na kuupitisha juu ya bega kama mrusha mpira wa kriketi. Halafu akainama nyuma ya meza. Sikucheka, wala yeye hakucheka. Mazoezini walirusha kutoka ndani ya handaki, mwalimu kando yao, na wapo walioligonga ukingo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ashley Hill karibu na Salisbury, tarehe 13 Septemba 1942. Guruneti liligonga ukingo likarudi ndani. Luteni William Foster, mwenye miaka 61, akajitupa juu yake. Akafa, wenzake wakapona. Alitunukiwa Msalaba wa George, nishani ya juu ya ushujaa. Askari 1,206 wa Home Guard walikufa kazini au kwa majeraha, na baadhi yao walifia mazoezini kama yeye. Kwangu mimi, anayewaita kichekesho hajawahi kulisikia jina la Foster.

Walimu nao hawakuwa wa kubahatisha. Huko Osterley Park, magharibi mwa London, Tom Wintringham, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alifungua shule Julai 1940. Alifundisha kuvizia vifaru barabarani na kujificha porini, mambo ambayo wakuu wa jeshi waliyatilia shaka, na miezi michache baadaye shule ikachukuliwa na serikali. Bunduki za Sten, yaani bunduki fupi za rashasha, zilipowafikia, mgambo wengi walikuwa askari kamili.

Kuna jambo moja siwezi kulitetea. Serikali iliagiza mikuki 250,000, yaani singe kuukuu zilizochomelewa kwenye mabomba ya chuma. Mzee aliuona mmoja ghalani. Alisema afadhali wangewaacha na fagio, maana fagio halikujifanya silaha.

SWALI: Je, wanawake walifundishwa bunduki?
Mama Zuhura, Kisumu

JIBU: Kwa ruhusa ya serikali, la. Mbunge Edith Summerskill alipigania jambo hilo bungeni, na kikundi chake cha Women's Home Defence kikawafundisha wanawake kulenga shabaha bila kungoja kibali. Mwaka 1943 walikubaliwa rasmi Home Guard kama wasaidizi: simu, karani, jikoni, udereva. Sare hawakupewa, wala bunduki. Walipewa beji ya plastiki yenye herufi HG. Dada wa mzee wangu alikuwa nayo, ndani ya kopo la vifungo, na aliponionyesha aliifuta kwanza kwa pindo la gauni lake.