Sweta langu limejipinda baada ya kufuliwa, je ni mkono wangu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilijiunga na darasa la jioni kwenye duka la nyuzi. Tulianza kufuma kwa uzi wa dukani mambo yakawa sawa, alafu tukahamia kusokota sufu kwa gurudumu. Nikasokota uzi wangu mwenyewe, singo, yaani uzi mmoja peke yake usiounganishwa na mwingine, ukakaa kwenye bobini wiki kadhaa, kisha nikaulowesha na kuutundika na chupa ya maji chini yake ili usokoto ufe, kama tulivyofundishwa. Ukanyooka vizuri kabisa. Nikafuma sweta la kuzungusha, halina mshono. Nilipolifua mara ya kwanza tu likajipinda, mstari wa kwapani sasa hivi uko karibu na kitovu. Mwalimu wa dukani anasema navuta uzi sana, ninunue sindano kubwa zaidi. Mwenzangu anasema nilowekee siki nipige pasi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Kwanza hela ya sindano irudishe kwenye pochi. Mtu anayevuta uzi sana anatoa sweta gumu, dogo, linalobana kifua, hatoi sweta linalozunguka mwili. Mkono wako hauna kosa hapa, na kwa kweli kama ulisokota uzi wa kutosha sweta zima bila kukatikakatika basi mkono wako uko vizuri kuliko ulivyoambiwa.

Tatizo lako ni hiyo chupa ya maji.

Naomba nikae hapa kidogo maana hii chupa naletewa kila mara, wakati mwingine ni chupa, wakati mwingine jiwe, wengine wanatundika kopo la rangi zima, na wote wanasema neno lile lile, "kuua usokoto". Usokoto wa sufu hauuawi na chupa jamani. Ukisokota singo umeweka nguvu ndani ya uzi, nyuzinyuzi zote zimezungushwa upande mmoja na zinatamani kurudi zilikotoka, na hiyo nguvu haipotei kwa sababu umeuvuta uzi ukiwa umelowa. Sufu ni protini ile ile ya nywele, keratini. Wewe mwenyewe unajua nywele ukizilowesha, ukazivuta na brashi mpaka zikauke zinanyooka mpaka unajishangaa kwenye kioo, na unajua vilevile mvua ikikukuta njiani inakuwaje. Maji yanalegeza vile vishikizo vidogo ndani ya unywele, ukikauka ukiwa umevutwa vinashikana upya katika umbo hilo, vikilowa tena vinaachia. Basi ndicho kilichotokea kwenye uzi wako. Ulikauka umevutwa, ukaonekana mpole, ukafuma uzi mpole, halafu beseni la kwanza la maji likauamsha wote kwa pamoja, kila stichi ikajigeuza kidogo kuelekea upande ule ule, na stichi elfu kadhaa zikigeuka kidogo kidogo upande mmoja ndio mstari wa kwapani unafika kitovuni.

Viwandani kweli wanatuliza usokoto, lakini kule wanatumia mvuke wa moto ndani ya mitambo iliyofungwa, sio chupa ya lita moja na nusu kwenye kamba ya kuanikia.

Na zile wiki kadhaa kwenye bobini nazo zilikudanganya. Singo ikikaa inalala, unaivuta haijikunji, unadhani imetulia. Hebu chukua kipande kilichobaki kwenye bobini, kama una kilichobaki, kama sentimita 30 hivi, kiachie kilegee kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu uone. Kitajikunja chenyewe kama kina uhai, kitajisokota chenyewe kwa chenyewe. Hapo ndipo utaona usokoto wako wa kweli ni kiasi gani, na kuanzia leo usiamini uzi wowote uliolala mpaka uulize maji.

Sasa siki. Siki ina kazi yake na ni kazi nzuri, ukipaka sufu rangi za asidi unahitaji tindikali ili rangi ishike, siki ni tindikali, basi. Mtu akaona mwenzake anamimina siki kwenye sufuria ya sufu akaondoka na siki peke yake bila rangi, sasa siki inatibu kila kitu, uzi kukatika siki, sweta kuwasha siki, kujipinda siki. Usokoto hauna habari na siki. Utabaki na sweta lililopinda linalonuka kachumbari. Pasi ya mvuke itakunyooshea sweta mpaka lifuliwe tena, ni chupa ile ile kwa jina lingine, na kama uzi wako una akriliki ndani yake hapo ni hatari zaidi, maana akriliki ikiunguzwa na joto inalegea moja kwa moja, inaning'inia kama kitambaa kilicholowa mvua na hairudi tena hata ufanye nini. Kuna wengine watakwambia kondishena ya nywele. Hiyo italainisha, sawa, utapata sweta laini lililopinda.

Dawa ya singo yenye nguvu ni kuipa mwenzake. Kama gurudumu ulilizungusha kuelekea mshale wa saa unavyoenda, unachukua singo mbili unazisokota pamoja kinyume cha saa, hapo zile nguvu zinasukumana na kusawazishana, unapata uzi wa plai mbili ambao umetulia wenyewe bila kutundikiwa chochote. Kiasi gani cha kuzungusha? Usihesabu sana. Siku unaposokota, chukua kipande cha singo mbichi, yaani kimetoka kwenye gurudumu sasa hivi, kikunje katikati ukiachie kijisokote chenyewe, kifunge kwenye kikadi ukitundike karibu na gurudumu. Huo ndio mfano wako, plai yako ifanane na hicho. Ila sikiliza, kama singo zako zililala kwenye bobini, plai ikitoka itaonekana imezidi, inajikunja ovyo, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanaogopa na kuanza kupunguza. Acha hivyo hivyo. Zungusha uzi kuwa shada, duara kubwa, funga sehemu nne lisichanganyike, laza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo dakika 20, usisugue wala usilitoe kwenye maji ya moto ukalitupa kwenye ya baridi maana hapo litagandamana, nywele za sufu zishikane zisiachane tena, kamua kwa taulo, likung'ute mara mbili tatu, tundika bila uzito wowote. Ile singo iliyolala itaamka na mizani itakaa. Shada likining'inia wazi kama pete, umepata. Likijikunja kidogo tu sio mbaya, likijisokota mara tatu nne rudi kwenye gurudumu.

Kwa sweta lako, kama halijagandamana unaweza kulifumua. Toa uzi wote, tengeneza mashada, lowesha mikunjo itoke, kisha ugawanye mara mbili na usokote pamoja kinyume. Usokoto bado umo, hauendi kokote, nimeshasema. Lakini jua kabisa urefu utakuwa nusu, na kapungufu kidogo, kwa hiyo sweta la mikono mirefu usahau, labda vesti, au la mtoto. Sweta la mtu mzima kwa uzi wa unene wa kati linakula kuanzia mita 1,000 hivi, kwa plai mbili ina maana singo zaidi ya mita 2,000, na hesabu hii ulipaswa kuambiwa kabla hujagusa sufu. Kama hutaki kusokota tena, fumua ufume kwa mtindo ambao stichi za mbele na za nyuma zinalingana, mistari yote ya mbele pande zote mbili au ile ya moja mbele moja nyuma, upande mmoja unavuta huku mwingine unavuta kule, kupinda kunaisha au kunabaki kidogo sana. Ni lile fumo laini la upande mmoja ndilo linalomuumbua mwenye singo. Kuna na njia ya wajanja, unasokota nusu ya singo kufuata mshale wa saa na nusu kinyume chake, unafuma mistari miwili ya huu, miwili ya ule. Inafanya kazi vizuri, ila sio ya kuanzia.

Sisemi singo ni mbaya. Singo za dukani za kufumia zipo na zinakaa vizuri, kwa sababu zimesokotwa kwa kulegea sana na zimegandamanishwa kidogo makusudi ili zishikane. Ya mwanafunzi karibu kila mara imekazwa kupita kiasi kwa sababu anaogopa isikatike, na anaogopa kwa sababu aliambiwa usokoto mwingi ndio uimara. Mpaka kiwango fulani ni kweli, baada ya hapo uzi unakuwa waya, na sufu yenye nywele ndefu haihitaji hata nusu ya mnachoiwekea. Pamba ndiyo inayotaka usokoto mwingi, nywele zake ni fupi, sentimita mbili na nusu au tatu, ukilegeza inaachana.

Kinachonikera kwenye barua yako hata sio kupinda. Ni kwamba umepita darasa zima la kusokota na hakuna siku mliyofua kipande cha majaribio. Sampo ya sentimita 15 kwa 15, ifumwe kwa mtindo wa sweta lenyewe, ifuliwe kama sweta litakavyofuliwa, ikaushwe imelazwa bila pini hata moja, maana pini ni ndugu wa chupa. Kona zikitoka za mraba, endelea. Zikitoka zimelala, umepoteza jioni moja badala ya miezi. Na sio kwa uzi wa kusokota tu, hata uzi wa dukani. Maelezo yanataka stichi 22 kwa sentimita 10, wewe unapata 20, unaona tofauti ya mbili ni kitu gani, haya weka stichi 220 uone, badala ya sentimita 100 una 110, sweta la shangazi. Lakini sampo haiuziki, haina picha nzuri, kwa hiyo inarukwa, na watu wanafundishwa kofia kwa jioni moja, wanapiga picha, wanaenda nyumbani na gurudumu ambalo hawakulihitaji bado. Ile pia ya mkono ya kusokotea, kijiti na kisahani chake, ingekufundisha usokoto vizuri zaidi kwa sababu inakwenda polepole na unauona uzi ukijaa nguvu mbele ya macho yako.

Maduka mazuri yapo, nimefanya kazi na baadhi yao, yana walimu wanaokaa na mwanafunzi mpaka uzi utulie. Kwa hiyo anayetaka kujiandikisha, kabla hajalipa aulize siku ya kusokota plai ni ya ngapi, na siku ya kufua sampo ni ya ngapi. Kama plai iko kwenye "darasa la juu" linalolipiwa kando, ina maana watakuachia singo yenye nguvu mkononi na sindano mbele yako. Na ukiuliza kwa nini uzi umejipinda ukaonyeshwa rafu ya vifaa, mwombe mwalimu huyo aloweshe kipande cha uzi wake mwenyewe kwenye bakuli mbele yako.