Farasi wa telki huficha uchovu wake

Mjomba wangu wa Makunduchi alibeba nazi na kuni kwa punda maisha yake yote, na kwake punda walikuwa wa namna mbili tu: wa matiti na wa telki, yaani kwa mwendo wao. Wa matiti anakutikisa mpaka meno. Wa telki unamkalia kama uliyekaa barazani, kwato zinakwenda mbiombio na mgongo umetulia tuli.

Nilipoanza kazi ya kutunza farasi wa wageni huku Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, akaletwa farasi jike mwenye damu ya Boerperd, farasi wa Afrika Kusini. Siku ya kwanza kumpanda nilimkumbuka mjomba. Telki ile ile! Farasi wa Iceland wanayo, Paso Fino wa Puerto Rico na Colombia wanayo, na Tennessee Walking Horse wa Marekani wana yao. Ni jambo la kuzaliwa nalo: mwaka 2012 watafiti wa Sweden walieleza kwamba badiliko katika jeni moja, DMRT3, ndilo linalowapa farasi wengi uwezo huo.

Nikajiambia, kwa mwendo huu mtu atakwenda kutwa nzima asichoke. Kweli, mtu hachoki. Farasi ndiye anayechoka.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi linavuma sawasawa. Nilitoka Jambiani nikapita Paje na Bwejuu hadi karibu na Dongwe, telki mwanzo hadi mwisho, sikumpunguza hata mara moja kwa sababu kiuno changu hakikuniambia lolote. Niliposhuka alikuwa anachuruzika jasho. Nilimpima mapigo baada ya nusu saa kivulini, yakawa bado 72 kwa dakika. Majani hakuyagusa. Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, na niliona aibu mbele yake njia nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa upepo. Ukielekea kaskazini wakati wa kusi, upepo uko mgongoni na unakwenda kasi karibu sawa na yako. Hewa haipiti mwilini mwa farasi, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi. Siku hizi nikielekea huko nakwenda polepole, na mwendo wenyewe nauweka wakati wa kurudi, upepo ukiwa usoni. Kaskazi likiingia, na joto lake la unyevunyevu, safari ndefu naziacha kabisa.

Kosa la pili ni kusikiliza kiuno badala ya kwato. Farasi wa matiti akichoka utajua, maana anaanza kukurusha ovyo. Wa telki anaendelea kukustarehesha huku misuli ya mgongo inakaza. Dalili iko kwenye mlio. Telki nzuri ina milio minne iliyoachana sawa: ta-ka-ta-ka. Akianza kuchoka, miguu ya upande mmoja inakaribia kwenda pamoja, na ile minne inageuka kuwa jozi mbili: tap, tap. Ukisikia hivyo mwache atembee, au shuka. Kwenye mchanga mkavu mlio hausikiki, kwa hiyo mimi nafuata ukanda ule mgumu uliotoka kuachwa na maji, ambao pia hauvuti mishipa ya miguu yake. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, jua nalo limeshapanda. Basi natoka mapema nikiyafuata maji yanavyopwa, ili saa nne inikute njiani kurudi. Na kaa mbali na vigingi vya mwani. Kina mama wanaolima mwani wako kazini, na kamba zao zikimnasa farasi mguu, wote mtaumia.

La tatu, usimlazimishe telki tu. Mwendo mmoja kwa saa nyingi unachosha misuli ile ile. Mpe kutembea, mpe mbio fupi, akitaka matiti kidogo mpe, hata kama wewe huyapendi. Mimi kila baada ya dakika arubaini hivi nashuka, nalegeza mkanda wa tandiko, natembea naye. Farasi wa telki mara nyingi ana mabega yanayocheza sana, kwa hiyo tandiko linalobana mbele litamchubua kabla hujafika mbali. Pitisha kiganja chini yake unaposhuka.

Mapigo ndiyo shahidi nisiyebishana naye. Mshipa uko chini ya utaya: hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Farasi aliyepumzika ana mapigo kati ya 28 na 44. Kwenye mashindano ya masafa marefu, kipimo kilichozoeleka ni 64. Asiyeshuka hapo kwa muda uliowekwa haruhusiwi kuendelea. Hata Tevis Cup ya California, iliyoanza mwaka 1955 na inayokwenda kilomita 160 ndani ya saa 24, inawasimamisha farasi njiani wakaguliwe na madaktari wa mifugo. Sisi wa pwani hatuna daktari anayetusubiri Bwejuu. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: dakika kumi na tano za kupumzika, na kama hajafika 64, safari imekwisha, hata mgeni awe amelipa.

Maji mpe kila mnapoyapata, na ummwagie shingoni na kifuani mfululizo. Chumvi atie mdomoni mwenyewe, kwenye pumba au jiwe la kulamba. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, usimtembeze hata hatua moja, mpigie daktari.

Jioni baada ya safari narudi bandani na tochi. Naweka sikio ubavuni kusikia tumbo linanguruma, naangalia kama amekula na kama amekunya. Nikishaona hivyo ndipo na mimi nakwenda kula.